Pikipiki ya marehemu baba nataka niigeuze kafe resa: nianze kukata wapi?

"Shikamoo fundi. Mimi ni kijana wa miaka 27, naishi Iringa. Marehemu baba aliniachia Honda CG125 ya miaka ya 1980. Imekaa stoo miaka 9 bila kuwashwa. Nataka niigeuze kafe resa hapa hapa nyumbani. Nina grainda, na jirani anayetengeneza mageti ataniazima mashine ya kuchomelea. Mpango wangu ni kukata fremu nyuma ya kiti, nichomelee bomba la kupinda, niweke kiti cha mtu mmoja, nishushe mbele, nifunge usukani wa chini, nitoe boksi la hewa niweke chujio la koni, na ekzosi fupi ili ipate spidi. Nina laki 8. Baba mdogo anasema naharibu kumbukumbu ya mzee, na rafiki yangu anasema trafiki wataikamata. Nianzie wapi? Na je, fremu haitanikatikia barabarani?"

Marahaba, mwanangu, na pole kwa kuondokewa na mzee. Umeuliza mambo mengi kwa mkupuo mmoja, lakini nikiyasoma vizuri naona hofu yako kubwa ni ile uliyoiweka mwisho: fremu kukatika. Hofu hiyo ni ya haki, na nimefurahi unayo kabla hujawasha grainda. Katika mpango wako kukata ndiyo kazi ya kwanza. Kwangu mimi ni ya mwisho kabisa, na huenda ukifika huko ukakuta huhitaji kukata. Ngoja nikueleze kwa nini.

Kafe resa, yaani pikipiki iliyopunguzwa uzito na kushushwa usukani ili ikimbie, zilianza Uingereza, miaka ya 1950 na 1960. Vijana wa London walikuwa wakikutana kwenye migahawa ya barabarani, maarufu kuliko yote ukiwa Ace Cafe kwenye barabara ya North Circular, uliofunguliwa mwaka 1938. Shabaha yao ilikuwa kufikisha maili 100 kwa saa, yaani kama kilomita 160. Walitoa kila kilicholeta uzito na kushusha usukani ili kifua kilale chini ya upepo, na miguu ikarudi nyuma ili mwili ukae sawa na mikono. Wengine walichukua injini ya Triumph wakaifunga kwenye fremu ya Norton, chombo hicho kikaitwa Triton. Umbo unalolipenda leo lilitokana na kazi. Ukilichukua umbo ukaiacha kazi, unapata pikipiki inayopendeza kwenye picha na kumuumiza mwenye kuiendesha.

Sasa CG yako ina injini ya sentimita za ujazo 124 na nguvu za farasi kama 11. Honda waliitoa mwaka 1976 wakiwafikiria watu wa nchi kama zetu, wanaobeba mizigo kwenye barabara mbovu na pengine kuchelewa kumwaga oili. Ndiyo maana valvu zake zinasukumwa kwa fimbo, hakuna cheni ya taimingi ya kulegea. Ni injini ya kudumu. Ikifika kilomita 100 kwa saa kwenye tambarare imetoa karibu yote iliyonayo, na hakuna chujio wala ekzosi itakayoipeleka 160. Unachoweza kukipata kwa uhakika ni wepesi, mstari mzuri, na pikipiki inayokata kona kwa utulivu. Hayo yanatosha kabisa kuifanya kazi hii iwe na maana.

Tuanze na chujio la koni na ekzosi fupi, maana hapo ndipo vijana wengi wanapoua injini. Kabureta, yaani chombo kinachochanganya mafuta na hewa, ilipangiwa jeti zake (vitundu vinavyopima mafuta) kwa kuzingatia boksi lile la hewa na ekzosi ile. Boksi linaipunguzia hewa kasi na kuituliza, na kabureta inajua itoe mafuta kiasi gani. Ukiliondoa, hewa inaingia nyingi kuliko mafuta. Mchanganyiko wenye mafuta machache unaunguza kwa joto kali, na kwenye injini inayopozwa kwa upepo joto hilo halina pa kukimbilia isipokuwa kwenye pistoni. Kelele itaongezeka na utahisi pikipiki imechangamka, lakini kelele haisukumi gurudumu.

Kwa mtu wa Iringa kuna mtego zaidi. Huko mko juu ya mita 1,500, hewa ni nyepesi, kwa hiyo kwa jeti zile zile injini yako inakunywa mafuta mengi kidogo kuliko pwani. Utafunga koni, utazunguka mjini mwezi mzima, utaona mambo safi. Siku utakaposhuka mlima Kitonga kuelekea Morogoro, unaingia kwenye hewa nzito na joto, unavuta mafuta kwa saa mbili mfululizo, na hapo upungufu wa mafuta unajitokeza. Nimeshafungua silinda ya pikipiki iliyofanyiwa hivyo. Katikati ya kichwa cha pistoni palikuwa na tundu la ukubwa wa punje ya hindi, kingo zake zimeyeyuka na kulegea kama nta ya mshumaa. Mwenyewe aliniambia ilikuwa inakwenda vizuri sana dakika 5 kabla haijazima.

Ushauri wangu: boksi la hewa lisiguswe. Vumbi letu peke yake ni sababu ya kutosha, maana koni za bei nafuu zinapitisha vumbi laini linalokula ringi na silinda. Kama lazima utoe boksi kwa ajili ya uwazi ule wa katikati ya fremu, basi nunua jeti kubwa namba mbili tatu tofauti, panda hatua moja moja, na kila mara endesha kwa nguvu kilomita kadhaa, zima ghafla, toa plagi uiangalie. Ikiwa nyeupe kama chokaa, mafuta hayatoshi. Ikiwa nyeusi yenye masizi, yamezidi. Unataka rangi ya udongo wa kahawia. Ekzosi unaweza kuifupisha kwa kiasi, ila ibaki na kizuia sauti ndani yake.

Tuje kwenye fremu. Mabomba yale mawili yanayokwenda nyuma chini ya kiti yanafanya kazi mbili tofauti, na wengi hawazitofautishi. Sehemu ya kwanza, kuanzia kwenye tangi hadi pale shokapu za nyuma zinaposhika, inabeba uzito wako wote na kila pigo la gurudumu. Sehemu ya pili, iliyobaki nyuma ya shokapu, inabeba mwisho wa kiti, keria, taa na matagadi (mabati ya kuzuia matope). Hiyo ya pili ndiyo inayoweza kukatwa. Ya kwanza haiguswi, hata kwa kuchonga tundu la bolti. Acha angalau sentimita 5 za bomba zima nyuma ya mshikio wa shokapu, ndipo ufikirie kukata.

Kosa la pili ni kusahau kwamba gurudumu linapanda. Pikipiki ya kwanza niliyoikata kwa mkono wangu niliipima ikiwa imesimama kwenye stendi, nikaona kati ya tairi na kiti pana nafasi ya vidole vinne, nikaridhika. Tuta la kwanza nikiwa nimekaa, nilisikia mlio kama kitambaa kinachanika, kikafuata harufu ya mpira. Nilipogeuza kiti nilikuta bati la chini limeng'aa, rangi imefutika kwa upana wa tairi, na waya wa taa ya nyuma umebaki uzi mmoja. Wewe pima hivi: angalia ndani ya springi ya shokapu, pima fimbo inayong'aa kuanzia inapoingilia hadi kwenye mpira wa kuzuia. Huo ndio umbali ambao shokapu inaweza kudidimia. Kisha toa shokapu zote mbili na uinue gurudumu kwa vipande vya mbao, mpaka nafasi kati ya mshikio wa juu na wa chini iwe pungufu kwa kiasi hicho. Hapo ndipo tairi litakapofika siku ya shimo. Kiti, matagadi na waya vyote vikae juu zaidi ya hapo kwa sentimita 3 au zaidi.

Sasa mashine ya jirani yako. Sina shaka na ufundi wake, ila geti na fremu ni vitu viwili. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika inaitikisa fremu mara 100 kila sekunde. Geti halijui tabu hiyo. Bomba la fremu ni jembamba, na mashine ya fimbo za kuchomelea, kama ya mageti, ikiwa na moto mwingi inalitoboa, ikiwa na moto mdogo mshono unakaa juu juu kama ute. Bomba haliachani kwenye mshono wenyewe mara nyingi. Linaachana pembeni yake, pale chuma kilichopata moto kinapokutana na ambacho hakikupata. Ufa ukianza unauona kama unywele wa rangi ya kutu unaopita chini ya rangi, na unaweza kukaa wiki kadhaa ukiuona hivyo hivyo kabla haujafunguka.

Kwa hiyo kama utakata, bomba la kupinda liwe na upana na unene ule ule wa bomba la fremu, lisiwe bomba la madirisha wala la maji. Ndani ya kila kiungo ingiza kipande cha bomba kinachobana, kiingie sentimita 4 hivi kila upande, toboa matundu mawili kwenye bomba la nje uchomelee kupitia hapo, ndipo uzungushe mshono. Rangi na kutu vitoke mpaka chuma king'ae. Ukimaliza usimwagie maji, acha kipoe chenyewe. Kabla ya kuwasha mashine toa tangi ulipeleke mbali, ondoa betri, chomoa rektifaya (kifaa cha kuchaji betri) na CDI (kisanduku cha cheche za plagi) kama ipo, na ushike waya wa ethi karibu kabisa na unapochomelea, la sivyo umeme unapita kwenye beringi na kuzitoboa vidoti. Mshono huu mpe mtu anayechomelea chesisi za magari au fremu za pikipiki kila siku, mwenye mashine ya gesi. Wewe kata, pima, safisha na ushikize. Mshono mwachie yeye.

Na tangi, mwanangu, usilichomelee kamwe, hata kama limekaa tupu miaka 9. Tangi tupu ni hatari kuliko lililojaa, kwa sababu ndani yake mvuke wa petroli umechanganyika na hewa, na huo ndio mchanganyiko unaolipuka.

Kushusha mbele kunaonekana jambo dogo: unalegeza vishikizo, unazisukuma shokapu juu, unakaza. Angalia gurudumu dogo la mbele la kitoroli cha hospitali. Linafuata nyuma ya pini yake, ndiyo maana kitoroli kinanyooka chenyewe. Pikipiki nayo iko hivyo. Ukiupitisha mstari katikati ya shingo ya usukani mpaka ardhini, tairi linagusa ardhi nyuma kidogo ya mstari huo, na umbali huo ndio unaoinyoosha. Ukishusha mbele, au ukiinua nyuma kwa shokapu ndefu, umbali unapungua. Milimita 10 hadi 15 hazina neno. Ukizidisha, usukani unaanza kutikisika kwenye mwendo, na kwenye mteremko wenye kona kama Kitonga hutaki kujifunza somo hilo. Kabla ya yote inua gurudumu la mbele uzungushe usukani taratibu. Ukihisi unanasa pale katikati, gololi za shingo zimechimba vikombe vyake, na lazima vibadilishwe.

Usukani wa chini uende pamoja na vikanyagio vya nyuma. Ukishusha mikono ukaiacha miguu mbele, uzito wote unalalia viganja, na baada ya nusu saa vidole vinakufa ganzi. Hapa CG ina ugumu wake. Ya miaka ile inawashwa kwa kiki tu, na kiki inashuka pale pale utakapotaka kuweka kikanyagio cha kulia, kwa hiyo kikanyagio hicho kiwe cha kukunja. Usikae na miguu kwenye vikanyagio vya abiria pia: kwenye CG nyingi vimefungwa kwenye mkono unaoshika gurudumu la nyuma, vinapanda na kushuka pamoja nalo. Pedali ya breki ikirudi nyuma, fimbo ya breki inabadilika. Panga ili breki inaposhika, fimbo na mkono wa kwenye drami (kikombe cha breki) vifanye pembe ya karibu nyuzi 90. Pembe ikifunguka sana unakanyaga kwa nguvu zote na viatu vya breki vinagusa tu. Kisha geuza usukani kulia na kushoto hadi mwisho: vidole visibanwe na tangi, na injini isipande yenyewe kwa sababu waya wa mafuta umevutika. Mimi ningeanza na usukani ulionyooka, wa kipande kimoja, uliofungwa mahali pa ule wa zamani. Unakupa nusu ya umbo na karibu starehe yote.

Mahali pa kutumia pesa ni kusikoonekana. Katika laki 8 zako, zaidi ya nusu iende kwenye matairi, viatu vya breki, cheni na sproketi zake, beringi za magurudumu na bushi za nyuma. Tairi lina tarakimu 4 ubavuni. 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Yaliyokaa stoo miaka 9 usiyatumie hata kama meno yamesimama, na usinunue tairi nene kuliko rimu kwa kupenda picha, linabanwa, linapoteza umbo na kugusa cheni. Unapofungua drami usipulize vumbi lake kwa mdomo wala kwa kompresa, maana viatu vya zamani huwa na asbesto. Futa kwa kitambaa chenye maji.

Umeme kwa ufupi: CG za mwanzo zilikuwa za volti 6, za baadaye 12, kwa hiyo soma kwenye glopu kabla hujanunua taa. Betri ya maji isilazwe ndani ya kiti, isimame.

Kuhusu trafiki, rafiki yako ana hoja ila si kama anavyodhani. Pikipiki haikamatwi kwa kuwa na kiti kifupi. Inakamatwa kwa kukosa taa, indiketa, vioo, honi au namba, kwa bima iliyokwisha, na kwa kutofanana na kadi yake. Namba ya fremu ndiyo iliyo kwenye kadi, isisagwe wala isizikwe chini ya rangi. Ukibadili rangi au injini, nenda Mamlaka ya Mapato (TRA) taarifa zibadilishwe, na kabla ya kukata fremu waulize wao na mkaguzi wa magari wa polisi wanataka nini. Kama kadi bado ina jina la mzee, anza na mirathi: msimamizi ateuliwe mahakamani, kwa kawaida Mahakama ya Mwanzo, ndipo umiliki uhamishwe. Ukiwa na kiti cha mtu mmoja, abiria ndiyo basi tena.

Nimemwacha baba mdogo makusudi, kwa sababu nadhani ana haki zaidi ya unavyomwona. Bomba likishakatwa halirudi. Lakini kati ya kuiacha stoo na kuikata kuna njia mbili. Ya kwanza ni kutengeneza kiti kinachofungwa kwa bolti kwenye matundu yale yale ya kiti cha zamani. Bati, sponji ngumu iliyochongwa, na ngozi iliyoshonwa na fundi makochi. Piga picha ya pikipiki kwa ubavu, ichore kwa kalamu mstari mmoja mnyoofu kutoka chini ya tangi hadi mwisho wa kiti. Ukiufuata mstari huo, watu tisa kati ya kumi hawatajua kwamba fremu ni nzima. Kiti cha mzee, matagadi na keria vifunge kwenye gunia, uviandike, uvihifadhi. Siku yoyote inarudi kama alivyoiacha.

Njia ya pili: pikipiki nyingi za Kichina zinazobeba abiria mitaani zina injini iliyonakiliwa kutoka CG. Tafuta moja iliyochoka, yenye kadi halali, ujifunzie kukata huko, na hii ya mzee uirudishe barabarani ilivyo. Kama ni mimi, ningefanya hivyo. Fremu ya kujifunzia isiwe ile ambayo ukiikosea huwezi kusema "nitanunua nyingine".

Baadhi ya mambo usiyaamue kwa maandishi yangu. Peleka pikipiki kwa fundi aione kwa macho ikiwa fremu ina ufa au imepinda shingoni, ikiwa inavuta upande mmoja ukiachia usukani kidogo, ikiwa gurudumu la mbele na la nyuma hayako kwenye mstari ukipitisha uzi ubavuni, au ikiwa injini inagonga kwa chini. Na baada ya mabadiliko yoyote ya breki au usukani, mtu mwingine mwenye spana akague kila nati kabla hujatoka getini.

Jumamosi hii fanya haya tu. Toa plagi, mimina kijiko cha oili ndani ya silinda, acha ilale usiku mzima, kisha sukuma kiki kwa mkono taratibu. Ikizunguka bila kukwama, mwaga oili ya zamani na utie mpya, karibu lita moja, na usafishe wavu wake. Mwaga petroli yote. Fungua bakuli la kabureta. Utakuta utomvu wa kahawia, na jeti ile ndogo imeziba. Izibue kwa uzi wa nailoni wa brashi, usitumie waya wa chuma, utapanua tundu. Ikishawaka, iendeshe ilivyo kwa mwezi mmoja, hata kama kiti chake hukipendi. Kisha toa zile shokapu, pima nafasi ya tairi kama nilivyokuelekeza, na unitumie kipimo hicho pamoja na picha ya ubavuni.